Nyumba Niliyoilipia Kisirisiri

Kwa zaidi ya miaka mitano nilimdanganya mume wangu kila Jumapili, tena tukiwa tumetoka kanisani.

Tulikuwa tumechukua mkopo wa nyumba kwenye benki kule nyumbani Kenya, wa miaka kumi na mitano. Nyumba iko nje kidogo ya Nakuru: vyumba vitatu, mabati mekundu, na jiko lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama mkwe alihamia humo na watoto wetu wawili. Sisi tukabaki Dubai kuilipia. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno Oud Metha, na nililala Al Qusais katika nyumba ya wafanyakazi, wanawake sita chumba kimoja. Mume wangu alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye maghala ya Al Quoz, akilala hukohuko na wanaume wenzake. Tulikutana Jumapili. Baada ya ibada tulinunua biriani sahani moja, tukaomba vijiko viwili.

Mwaka wa kwanza nililipa bila kuuliza. Kisha siku moja, kliniki ikiwa haina mgonjwa, nikasoma taarifa ya mkopo kwa makini nikaona kwamba sehemu kubwa ya tulichokuwa tukituma ilikuwa inaliwa na riba. Deni lenyewe lilikuwa likipungua kama sabuni inayomegwa na panya. Jumapili nikamwambia mume wangu tuongeze kidogo kila mwezi, tumalize mapema.

Akaweka kijiko chini. "Mama watoto, unataka benki ijue tuna pesa?"

"Ijue ifanye nini?"

"Ipandishe riba. Hao watu ukiwaonyesha mfuko, wanaingiza mkono. Lipa walichosema, siku waliyosema, kisha nyamaza."

Zaidi ya hayo alikuwa na mpango wake, nao ulikuwa pikapu. Wanaume wengine huweka picha za watoto kwenye simu; yeye aliweka pikapu nyeupe, milango miwili, imepigwa picha kutoka ubavuni. Nikasema, "Sawa, baba watoto," kwa sauti ya mke mtiifu, na mwezi uliofuata nikaanza.

Kwa kuwa yeye alinipa fungu lake na mimi ndiye niliyetuma malipo kwa simu, kuficha hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kueleza mshahara wangu unakwenda wapi. Nikamwambia kliniki imekata ovataimu. Ukweli ni kwamba ilikuwa imeongeza. Siku zangu za mapumziko nikawa napika chapati na kuwauzia wenzangu wa jengo letu. Waganda walizitaka za kukunjia mayai. Mtanzania mmoja alizitaka laini na nyembamba, na kila wiki alinifundisha upya namna ya kukanda unga, huku akizimaliza zote. Mume wangu aliponusa kichwa changu kanisani, nilimwambia ni mafuta mapya ya nywele. Akasema yananukia vizuri.

Miezi mitatu nilijiona mjanja kuliko benki. Kisha nikatazama salio la deni: limepungua kama kawaida tu, hakuna cha zaidi. Nikapiga simu Kenya saa ya chakula cha mchana.

"Ile pesa ya ziada tumeiweka kama malipo ya miezi ijayo, mama," binti wa benki akasema kwa adabu.

"Nani aliwaomba?"

"Usipotuandikia kwamba ipunguze deni lenyewe, mtambo unafanya hivyo. Ukituandikia, tutabadilisha. Na je, ungependa tupunguze malipo ya kila mwezi, au tupunguze miaka?"

"Miaka!" nikasema, kwa sauti iliyomfanya mgonjwa aliyeshika shavu anigeukie. "Kata miaka."

Tangu siku hiyo kila ziada niliituma pamoja na barua pepe, maneno yaleyale. Mwanzoni zilikuwa pesa kidogo, lakini nikazidisha na kuzidisha mpaka ziada ikashinda malipo ya kawaida. Yule binti alizizoea barua zangu. Mwezi mmoja nilipochelewa siku mbili, alinipigia kuuliza kama niko salama.

Aliyenikamata kwanza hakuwa mume wangu. Alikuwa mama yake. Miaka yote taarifa za benki zilikuja kwenye barua pepe yangu, lakini mwaka wa tano wakatuma ya karatasi hadi nyumbani, na mama mkwe wangu ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Akanipigia kwa video, barua ameibandika kwenye kamera hata nikawa sioni uso wake, naona tarakimu tu.

"We msichana," akasema, "hapa wanasema mmebakiza miaka miwili na ushee. Mwanangu huniambia kumi."

Nikamweleza kila kitu. Nikawa nangoja kelele, nikasikia swali: "Huko Dubai bado wanauza manukato ya udi, yale ya chupa ya dhahabu?"

Hapo nikajua nimepata mshirika, na bei yake nimeisikia. Baada ya manukato akataka viatu vya soli laini, na baada ya viatu, sanduku la magurudumu, ingawa hakuwa na safari. Vyote nilivituma kwa Wakenya waliokuwa wakienda likizo. Naye akafanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Kila mwanawe alipompigia, alilalamika, "Hili deni litatuzika." Mume wangu akinisimulia jinsi mama alivyo na wasiwasi, nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu. Siku moja niliinama nikiwa nimevaa ndala.

Mambo yaliharibiwa na benki. Deni lilipobaki la miezi minne, afisa mmoja mgeni kazini akampigia mume wangu, kwa kuwa mkopo ulikuwa wetu sote wawili, ampongeze na kumwuliza kama angependa kumaliza kwa mkupuo. Mume wangu, ambaye kila asubuhi huwaonya walinzi wake juu ya matapeli wa simu, akamwambia atafute kazi ya halali. Afisa akapiga tena. Mume wangu akaifungia namba ile. Afisa akapiga kwa namba nyingine. Ndipo akaomba ruhusa kazini, akapanda basi na kuja Oud Metha na sare yake.

Niliinua kichwa nikamkuta mbele ya meza yangu, kola imelowa jasho. Madam, daktari mwenye kliniki, akadhani ni mgonjwa wa dharura, akaniambia nimwandikishe haraka.

"Mama watoto, kuna matapeli," akaninong'oneza. "Wanajua majina yetu. Wanajua namba ya ploti. Wanasema tumebakiza miezi minne. Badilisha namba ya siri sasa hivi."

Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, nakiri. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka Al Quoz kwenye jua la Agosti kuja kunilinda.

"Si matapeli," nikasema. "Ni mimi."

Tukatoka hadi kwenye ngazi za jengo. Nikamwambia yote: ovataimu, chapati, mafuta ya nywele. Kwa kila kosa alikunja kidole kimoja. Mkono ulipokaribia kuwa ngumi, akauliza, "Na mama?"

"Mama anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu yale manukato."

Hakucheka. Aliondoka bila kunywa hata maji, na Jumapili mbili hakuja kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa kiti kitupu sikujiandaa. Miaka yote hiyo alikuwa akiacha nyama upande wangu wa sahani, akimhurumia mke aliyekatwa ovataimu, nami nilikuwa naila. Hilo silitetei.

Jumapili ya tatu alikuja, akaketi mbali kidogo nami. Kwenye wimbo wa pili akasogea. Baada ya ibada akasema, "Hiyo miezi minne nalipa mimi. Yote, peke yangu. Usiongeze hata senti."

"Sawa."

"Na safari hii ukisema sawa, iwe sawa."

Akalipa kwa mkupuo mmoja. Benki ikatutoza ada ya kuiondoa nyumba kwenye rehani, na hilo lilimfurahisha sana, maana hatimaye walikuwa wameingiza mkono. Mama mkwe akaenda kuchukua hati, akairudisha nyumbani na kuwaonyesha ndugu na majirani bila kumruhusu yeyote kuigusa.

Siku hati ilipofika nyumbani, mume wangu alinipeleka kula mchana kwenye mgahawa karibu na kliniki. Aliagiza sahani mbili, kila mtu yake, bila kutazama bei. Nikapata wazo ambalo ningepaswa kulipata mapema.

"Baba watoto, pesa za miezi minne kwa mara moja ulizitoa wapi?"

Alitafuna muda mrefu. "Waliniongeza mshahara."

"Lini?"

"Mwaka juzi." Akatazama nyama yake. "Mama ndiye aliyenishauri nisikwambie haraka."

"Na yeye ulimpa nini?"

"Lile friji."

Lile friji, mama mkwe alikuwa ameniambia amelipata kwenye chama chao cha akina mama. Nikachukua simu nikampigia palepale. Iliita mpaka ikakatika.