Moto wa Kupimia Umri

Nilipokuwa mtoto, kwetu Nyantende, watu wazima wenye akili timamu na rozari shingoni waliamini kwamba mlima unaweza kukuambia utaishi muda gani. Unasubiri kiangazi kikauke kabisa. Unakwenda peke yako chini ya mlima, unatia moto kwenye majani, unageuza mgongo na kurudi nyumbani bila kutazama nyuma. Moto ukifika kileleni, utazeeka mpaka meno yaishe. Ukizimika njiani, anza kugawa mashamba. Na mtu atakayeuzima kwa mkono wake, huyo amekukatia umri. Nimeyaeleza kwa maneno machache tu, na tayari nasikia kinyaa.

Siku hizi ninaishi Panzi, mjini Bukavu. Julai ikifika, nikianika nguo nyuma ya nyumba naona milima ya upande wa kwetu inafuka moshi, leo huu, kesho ule. Majirani wanasema ni wakulima wanasafisha mashamba, ni wachoma makala, ni wanawake waliokwenda kukata kuni. Wengine ni hao kweli, sikatai. Lakini kuna mioto mingine ambayo mwenyewe yuko nyumbani kwake, ameketi ametazama ukuta, anasubiri kuambiwa imefika wapi. Hao ndio wanaonitia kichefuchefu.

Aliyenilea ni koko, mama yake mama yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa mdomo, na kwa habari ya kuni hakuwa na mzaha hata kidogo. Wakati wa kiangazi hakuna aliyepanda naye kwenye mikaratusi akiwa na kiberiti. Maman Nsimire, jirani yetu, alipenda kiko chake kuliko mume wake, na mwenyewe alisema hivyo mbele ya mume. Lakini siku za kuni alikiacha nyumbani na kushinda akitafuna kijiti. Chakula tulikula baridi, bugali ya muhogo iliyofungwa katika majani ya migomba, pamoja na maharage ya jana. Wanawake wengine walichoma viazi vitamu pale pale juu ya majani makavu, harufu ikatufikia, mate yakanijaa mdomoni.

“Meza mate, Mapendo,” koko alisema. “Kiazi haina neno. Neno iko mu kaa yenye inabakia.”

Kabla shoka halijagusa mti, tulifyeka kwanza kiwanja kidogo. Tulikata majani, tuling’oa mashina, tulifagia kwa matawi mpaka udongo mtupu ukaonekana. Hapo ndipo tuliweka mizigo na bidoni la maji, na hapo ndipo niliambiwa nikimbilie kama siku moja kitu kikitokea. Kitu gani, koko hakusema. Panga halikuruhusiwa kugonga jiwe. Upepo ukizidi, tulifunga kuni zetu kamba, tukaweka kamba kwenye paji la uso na kuteremka, hata kama mzigo ulikuwa nusu. Wenzetu walimcheka. Walisema maman huyu anaogopa majani kama mtu aliyewahi kuungua. Mimi pia nilichoka naye, maana kufagia msitu ni kazi ya kipumbavu machoni pa mtoto.

Basi siku moja, koko na Maman Nsimire walikuwa wanakata, nami nikatumwa chini kwenye chemchemi kujaza bidoni. Nikiwa njiani nilimwona Muzee Bisimwa. Huyu alikuwa mkubwa wa shirika letu, yaani ndiye aliyeongoza sala za mtaa kila wiki, na sala zake zilikuwa ndefu mpaka watoto wakalala. Tangu Pasaka alikuwa anakohoa. Tena watu walisema ameota marehemu kaka yake anamwita kwa jina. Alikuwa anatembea haraka kuelekea kijijini, ameupa mlima mgongo, na mkononi ameshika kigae cha chungu chenye majivu.

“Jambo muzee!” nilimsalimu.

Hakuitika. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akitusimamisha njiani na kututukana wazazi kwa sababu hatukumsalimu vizuri! Nikarudia kwa sauti. Shingo yake ilikakamaa kama ya mtu aliyebeba mtungi, akapita, hakugeuka. Nilibaki nimesimama nikijiuliza nimekosa nini. Kisha nikasikia harufu.

Nilipanda mbio, bidoni linanigonga miguuni. Nilipofika juu koko alikuwa tayari ameacha shoka. Chini yetu moshi ulikuwa unatambaa kwenye majani, na upepo ulikuwa unausukuma kwetu.

“Uliona nani kule chini?” aliniuliza.

“Muzee Bisimwa. Nilimusalimia, hakuitika. Hakugeuka hata.”

Koko alifumba macho kidogo. Nilidhani anaogopa moto.

Maman Nsimire alinishika mkono. “Tukimbie, maman. Tupande juu. Leka ile moto, moto ya mutu habazimake.” Yaani auache, moto wa mtu hauzimwi.

“Kupanda wapi? Moto inapandaka mulima mbio kupita mutoto.” Koko alilowesha kitenge chake kwa maji ya bidoni, akanifunika nacho. “Mapendo, enda ku kiwanja. Kaa chini. Usitoke hata nikilia.”

Wakavunja matawi mabichi, wakayalowesha kwa maji yaliyobaki, wakateremka kuukabili moto.

Nilikaa katikati ya kiwanja chetu cha udongo, nimejikunja chini ya kitenge, nakohoa. Niliposogeza pindo nikaona siko peke yangu. Mijusi walikuwa wamekuja, na panya wawili watatu, na nyoka mdogo ambaye siku nyingine ningempigia kelele. Wote tulikaa pale bila ugomvi. Mpaka leo nasema wanyama wale walikuwa na akili kuliko wanaume niliowaona chini, upande wa njia. Walikuwa kundi zima, mikono wameikunja kifuani, wanatazama. Wanawake wawili wanapiga moto kwa matawi, mtoto yuko juu, na wanaume wazima wenye nguvu wamesimama wanatazama. Si kwamba waliogopa kuungua. Walijua ni moto wa mtu, na hakuna aliyetaka kumkatia mtu umri.

Moto ulifia kwenye ukingo wa kiwanja chetu, katikati ya mlima. Mahali tulipofagia haukupata cha kula, na pembeni koko na mwenzake waliupiga mpaka ukatulia. Koko aliporudi kwangu hakuwa na nyusi. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imevimba na kuchubuka, na makovu yale alizikwa nayo.

Sasa sikiliza uchafu wenyewe. Asubuhi hiyo, tukiwa tunateremka, watu walianza kusema moto umeletwa na wanawake wa kuni. Wamechoma viazi, walisema, wameacha kaa. Koko akafungua majani ya migomba mbele yao, akawaonyesha bugali baridi. Hawakutazama. Jioni Muzee Bisimwa akalala kitandani akitetemeka, maana alikuwa ameambiwa moto umefika wapi. Hapo maneno yakageuka. Vijana wake wakubwa walikuja kusimama mlangoni kwetu, na nyuma yao watu wale wale wa asubuhi.

“Wewe njo ulikata maisha ya papa yetu,” mkubwa wao alisema. “Akikufa, ni wewe.”

Midomo ile ile, siku ile ile! Asubuhi moto ulikuwa wa viazi vyetu, jioni ukawa wa baba yao na koko ndiye muuaji. Mtu mwingine angeona aibu. Wao hawakuona. Hakuna aliyeuliza kwa nini mkubwa wa shirika alitia moto chini ya watu. Nilipotaka kusema niliyoyaona, mama mmoja aliniziba mdomo kwa kiganja chake, na bado nakumbuka kiganja kile kilinuka vitunguu.

Kuanzia hapo koko akawa mchawi, hivi hivi, bila kikao. Mikaratusi ile akakatazwa. Tukawa tunatafuta kuni mbali, kwenye mabonde ambayo watu wengine hawakuyataka. Kanisani benchi letu likawa na nafasi. Kikombe alichonywea yeye hakikunywewa na mtu mwingine isipokuwa Maman Nsimire, ambaye alikichukua makusudi, akanywa kwa sauti, akapangusa mdomo huku akiwatazama watu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea: waliomtenga ni wale aliowazalisha watoto wao.

Na Muzee Bisimwa? Alipona. Mvua ziliponyesha kikohozi kikaisha, akarudi kuongoza sala, akasema Mungu amemhurumia. Moto wake uliishia nusu ya mlima, kila mtu aliona mstari mweusi pale ulipoishia, na mwenyewe akaendelea kunenepa. Ungetegemea watu waseme, kumbe imani hii ni ya uongo. Hakuna. Walisema yule mwanamke bado anamvizia.

Nilikua, nikaolewa mjini, na koko alipozeeka nikamleta Panzi kwangu. Kila mgeni aliyetoka Nyantende, koko alikuwa na swali moja la kumwuliza, kabla hata ya habari za mavuno.

“Muzee Bisimwa iko bado muzima?”

“Iko, koko. Ana nguvu kabisa.”

“Mungu asifiwe,” angesema, kisha angevuta pumzi ndefu.

Swali lile lilinikera. Nilifikiri ni huruma ya kijinga, ya kumwombea mema mtu aliyekuharibia maisha. Siku moja nikashindwa kujizuia nikamwambia mwache huyo mzee, na afe hata leo. Koko alishtuka mpaka akamwaga chai.

“Usiseme vile! Ni mimi nitakuwa nimemuua.”

Ndipo akaniambia. Yeye pia aliamini. Aliamini kabisa, kama wale wanaume waliokunja mikono. “Ulisema hakugeuka, njo nikajua ni moto yake,” alisema. “Nikawaza, nikizima, namuua. Nikiacha, mutoto anaungua. Njo nikazima.” Alikuwa amekwenda kuungama. Padri alimwambia huo ni ushirikina tu, hakuna dhambi, na yeye akaitika ndiyo mupadiri, lakini hakumsadiki. Miaka yote hiyo, kila mzee yule alipokohoa kanisani, koko alifikiri ni leo.

Alikufa kabla ya Muzee Bisimwa. Alikufa bila kuwa na hakika kama ameua mtu au hakuua.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, na sitaki kuihamisha. Ujinga wa kupima umri kwa moto naweza kuueleza. Watu wanaogopa kifo, na woga haujui kusoma. Lakini mzee yule alijiona mzima kila asubuhi. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na shamba moja la migomba. Ilimtosha kuvuka, kugonga mlango na kusema, maman, nitazame, sikufa, lala usingizi. Hakuvuka. Alimwacha mwanamke abebe kifo chake, yeye akaendelea kula.

Kiangazi hiki wamemzika. Nilikwenda. Walimsifu sana kwa maisha marefu, wakasema ni zawadi ya mtu wa sala, na mwili wake ulikuwa mdogo na mkavu kabisa ndani ya sanduku. Nilimtazama vizuri. Sikuonja chakula cha matanga. Watu walipoanza kutawanyika nikaenda kwenye kaburi la koko, maana tulimrudisha kumzika kwao, juu kidogo ya hapo, nikainama.

“Amekufa, koko,” nikamwambia. “Ni uzee. Si wewe.”

Nilipoinuka nikaona moshi. Chini ya mlima ule ule, kwenye majani makavu, mstari mwembamba ulikuwa umeanza kupanda, na juu yake, kati ya mikaratusi iliyoota upya, nilisikia mashoka na sauti za wanawake. Wanaume wenye suti za mazishi walisimama kando ya njia, mikono kifuani. Kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, aliniona ninavua viatu.

“Maman Mapendo, leka,” alisema kwa upole. “Moto ya mutu habazimake.”

“Na batu benye bako kule juu?” nilimwuliza, nikimwonyesha kwa kidole wale watu wa kuni.

Akanipisha njia.

Nilivunja tawi bichi, nikawapigia wale wanawake kelele waende kwenye udongo mtupu, nikateremka. Moto ulikuwa bado mdogo. Niliupiga mpaka ukafa, gauni langu jeusi likatobolewa na cheche, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisaidia isipokuwa yule kijana, ambaye alifika mwishoni na tawi lake, akiwa ameinamisha kichwa.

Sijui moto ule ulikuwa wa nani na sikuuliza. Kama yuko mahali ameketi ametazama ukuta, akiamini nimemkatia umri, mimi naishi Panzi, watu wananijua. Aje nyumbani kwangu kwa miguu yake mwenyewe. Nitampa chai, nimwambie aitazame vizuri hiyo miguu, kisha avuke aende akaonyeshe wengine.