Mguu wa Mbele Nilioufuta Mimi

Mimi naosha ndege za chuo cha urubani, mwaka wa kumi na tisa huu. Fundi wa ndege huniita Bibi Kioo, maana ndege nikishaipitia unaweza kujitazama ubavuni ukachana nywele. Shule niliishia darasa la pili, lakini kazi yangu hakuna wa kunifundisha.

Mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, anasoma hapo hapo. Jumanne ilikuwa zamu yake ya kuruka peke yake mara ya kwanza. Akaizunguka ndege na karatasi yake ya ukaguzi, akagusa hiki, akachungulia kile, akaruka vizuri. Kutua ndiko kulikonikata maini. Magurudumu ya nyuma yaligusa, la mbele likagusa, mguu wake ukakunjika kama wa kiti kibovu. Pangaboi likalima lami, ndege ikaburuzika kwa pua. Mtoto akatoka mzima, mdomo tu umepasuka.

Ijumaa mkuu wa chuo akatuita ofisini.

"Ametua kwa kishindo," akasema. "Karatasi yake mwenyewe inasema mguu ulikuwa mkavu. Kosa ni lake, na nafasi yake imekwisha."

"Ulikuwa unavuja!" nikadakia. "Mafuta ya mguu ndiyo godoro lake, yakiisha chuma kinagonga chuma. Siku nne niliyafuta. Fundi nilimwambia!"

Fundi akacheka. "Bibi Kioo, wewe wiki jana ulishtaki vumbi. Mafuta gani? Hata mjukuu wako hakuyaona."

"Hakuyaona kwa sababu..."

Hakuyaona kwa sababu nilishayafuta kabla hajafika. Kila asubuhi, kabla ya ukaguzi, mguu unang'aa. Sikutaka mtu aseme ndege yangu chafu.

Mjukuu akanitazama. Alishaelewa. "Bibi, acha tu. Twende nyumbani."

"Niache nini? Hebu kaa!"

Mkuu akasema maneno matupu hayaingii kwenye faili, karani aniandikie. Karani akaandika, akanisomea: "Mwosha ndege anahisi huenda palikuwa na mafuta." Anahisi! Huenda! Nikamnyang'anya kalamu.

"Nimehisi nini, wewe? Nimeyashika kwa mkono huu!"

Nikaandika mwenyewe, herufi moja moja, wao wakitazama saa ya ukutani. Mafuta yalivuja siku nne. Niliyafuta mimi kabla ya ukaguzi. Mtoto hakuona. Fundi nilimwambia, hakuja kutazama.

Mkuu akasoma mara mbili. Fundi akawa anatazama viatu vyake.

"Bibi, unajua hii inakutoa kwenye kuosha ndege?" mkuu akauliza.

"Najua. Na yeye inamrudisha?"

"Jumatatu ataruka na mkufunzi. Akifanya vizuri, ataruka tena peke yake."

Sasa nadeki korido za ofisi. Fundi yuko palepale kwenye banda la ndege, kapewa barua ya onyo basi, na ndege zimejaa alama za vidole mpaka aibu naona mimi. Mjukuu ananiambia nivumilie. Nivumilie nini, naye anapanda uchafu ule? Namwambia aukague mguu wa mbele mara mbili, ananijibu "Sawa, Bibi," kwa ile sauti ya kunyamazishia wazee.