Koti la Mvua la Gatera

Shami aliniambia wazi, tena bila haya: "Mama, nikipanda gari lile siku ya harusi, nitafika Kabuga nanuka gereji." Binti niliyemzaa mwenyewe! Wakwe zake wa Kabuga walikuwa tayari kukodi gari jeupe lenye maua. Lakini marehemu baba yake, Gatera, aliyeendesha teksi hapa Kigali mpaka nywele zikaisha kichwani, alimwahidi tangu hajaota hata jino kwamba teksi yake hii, Toyota Carina, ndiyo itakayompeleka kwa mumewe. Nikamuuliza, "Nikiiondoa hiyo harufu, utapanda?" Akacheka. "Ukiiondoa, nitapanda." Haya, tukapeana mikono.

Harufu ilitoka kwenye injini. Oili ilikuwa imevuja miaka na miaka, ikagandia mle, na injini ikipata moto inaungua, inatuletea moshi ndani. Jirani yetu Bizimana akaleta ushauri: "Mama Shami, elekeza mpira wa maji tu, sasa hivi umemaliza." Huyo huyo Bizimana! Si ndiye aliyeimwagia yake maji hivyo hivyo uani kwake, ikamzimikia katikati ya mzunguko wa barabara pale Sonatubes, wenye pikipiki wakampigia honi mpaka akatamani ardhi immeze? Nikamwambia akae kwake na mpira wake. Gari likigoma asubuhi ya harusi, ahadi ya Gatera imekufa.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, si makanika. Lakini ukiishi na dereva maisha yako yote, utajifunza tu. Jumapili zetu zilikuwa hivi: Gatera ameinama chini ya boneti, redio inaimba, mimi nimekaa kwenye kigoda nashona vifungo, naye anahubiri. "Sangwa, ukiosha injini, ipoe kwanza. Toa waya wa betri, ule hasi. Petroli usiguse, utatuunguza. Na penye umeme pafunike, maji yasipaone." Nilikuwa namwambia aniondolee kelele. Leo ningetoa chochote nizisikie tena kelele zile.

Sasa nifunike kwa nini? Mifuko ya plastiki Kigali tuliiaga zamani, ilipopigwa marufuku. Karatasi inalowa, kitambaa kinalowa. Nikazunguka nyumba nzima, na kila nikipita chumbani najifanya sioni kinachoning'inia nyuma ya mlango. Koti la mvua la Gatera. Alilivaa kila gari lilipomgomea mvuani, akarudi nalo limejaa oili, na Shami mdogo akakimbilia kujificha ndani yake, miguu tu inaonekana. Tangu tumzike sikuwahi kulifua. Nikalishusha, nikaliweka mezani, nikalia kwanza. Kisha nikachukua mkasi.

Nikashona vikofia vyenye mpira wa kubana: kimoja cha alteneta inayochaji betri, kimoja cha distributa inayogawa umeme wa plagi, kimoja cha mdomo wa chujio la hewa. Ile alteneta niliipima kwa utepe kama bwana harusi anayeshonewa suti.

Gari lililala baridi usiku kucha. Asubuhi nikatoa waya wa betri, nikavisha vikofia, nikavaa glovu, nikaanza kusugua kwa brashi na sabuni ya maji, pole pole, nafuta kwa kitambaa chenye unyevu tu. Chini niliweka beseni la kukinga uchafu, maana oili ikifika mtaroni mtaa mzima utaniimba. Weusi ukatoka mpaka nikaona chuma nisichowahi kukiona. Nikavua vikofia, nikaacha boneti wazi juani mpaka kila kona ikakauka, nikarudisha waya. Bismillahi, nikazungusha ufunguo. Likawaka papo hapo! Nikapiga kigelegele peke yangu uani, Bizimana akachungulia juu ya ukuta, akarudi kwake.

Siku ya harusi Shami akaingia kiti cha nyuma na gauni jeupe nililomshonea kwa mikono yangu hii. Kaka yangu Nizeyimana akawasha, nikakaa mbele pembeni yake. Tulipofika Sonatubes injini ilikuwa imeshapata moto, na harufu hakuna kabisa. Nikageuka nipokee sifa zangu. Namkuta Shami analia, wanja unamtiririka.

"Kuna nini tena?"

"Mama, Baba hayumo."

Nilitaka kumgombeza. Si wewe uliyetaka? Lakini hata mimi nilikuwa nimelihisi pengo hilo tangu tunatoka Biryogo. Nikafungua mkoba, nikatoa kikofia cha alteneta. Sikuwa na moyo wa kukitupa, wala wa kukifua. Shami akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakikumbatia kifuani, juu ya lile gauni jeupe. Doa likaingia, nikaliona linavyoingia. Na mimi, ninayegombana na wateja kwa sababu ya uzi mmoja, nikamwacha.