Marobota Ukumbini kwa Shangazi Chiku

Shangazi yangu Chiku amechoka, na mimi nimechoka kumwona amechoka. Nyumba yake iko Kariakoo, bati limeliwa na kutu, imebanwa na maghorofa yaliyoota tangu biashara huria iliporuhusiwa na makontena yakaanza kumiminika kutoka bandarini. Madalali hawaishi mlangoni: "Bibi, uza ukapumzike Mbagala." Huwajibu kwamba atapumzika Kisutu, makaburini, karibu na mumewe.

Kilichotaka kumng'oa ni kodi ya jengo. Ilipanda kila mwaka, naye hana kipato. Tukasikia kwamba mzee aliyepita miaka sitini, akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe bila kuipangisha wala kuifanyia biashara, anasamehewa. Haya, tukapanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka magoti yake yakavimba. Mwishowe afisa akasema atakuja kuiona nyumba.

Akaja, kijana mstaarabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu ndani."

Akaingia ukumbini, akakwama. Marobota ya mitumba yamepangwa hadi darini. Ni ya Shomari, mmachinga wa hapo nje. Masika moja mali yake ilitupwa matopeni na mgambo wa jiji, shangazi akamfungulia mlango, na tangu siku hiyo anaihifadhi humo. Bure kabisa.

"Hii ni ghala, mama?"

"Ghala gani? Mizigo ya jirani tu."

"Analipa?"

"We mwanangu, jirani utamlipishaje?"

Afisa akacheka, akatoa kalamu asaini. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Bwana wee, Shomari naye akaingia kuchukua robota!

"Mambo, kaka," afisa akamwambia. "Eti huyu mama mnamlipa hapa?"

Shomari akamtazama mgeni, akamtazama shangazi, aibu ikamshika. Mwanamume mzima akiri mbele ya watu kwamba anamkalia mjane bure?

"Aa, bosi, tunamlipa vizuri tu! Kila mwezi. Sisi si watu wa kudhulumu wazee."

Nilitamani kumziba mdomo kwa kanga yangu.

"Shomari, sema kweli," shangazi akamsihi.

Yeye akadhani mama wa watu anamfichia aibu, akazidi: "Haki ya Mungu nalipa!"

Afisa akarudisha kalamu mfukoni. "Samahani, mama. Kama inaingiza kodi ya pango, msamaha siwezi kuupitisha." Aliondoka huku ameinamisha kichwa.

Jioni watu walikuwa wameshamweleza Shomari alichokifanya. Akasimama mlangoni, robota begani, machozi yanamtoka, na mvua nayo imeanza.

"Toka hapa!" nilimfokea. "Umetumaliza na heshima zako za uongo!"

Shangazi akajizoazoa kitini, akasogeza mkeka kumpisha.

"Ingiza mali yako isilowe," akamwambia. "Umemwapia Mungu kwamba unalipa, mwanangu. Basi kuanzia leo utalipa."