Kaburi la Mtu wa Pampu

Siku waliyokuja watu wa kamati na kamba zao za kupimia, Stoyna Kaleva alikuwa amepiga magoti kati ya makaburi mawili aking'oa magugu. Hakusimama. Alikuwa ametunza makaburi ya juu ya mji wa Bregovina kwa miaka thelathini na mmoja, na wageni wa baraza la mji walikuwa hawajawahi kumletea jambo la heri hata mara moja.

"Shangazi," aliita kijana mwenye skafu shingoni, "wewe ndiye mwenye funguo?"

"Funguo za nini? Hapa hakuna anayetoroka."

Wenzake wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akampa mkono bila kujali kwamba wa Stoyna umejaa udongo, akajitambulisha. Aliitwa Ventseslav Gradev, mwanahistoria kutoka chuo kikuu, mwenyekiti wa Kamati ya Watu Mashuhuri. Mwaka ule wa 2006 mafuriko makubwa ya mto Danubi yalikuwa yanatimiza miaka hamsini, na baraza lilitaka kutengeneza njia ya mawe katikati ya makaburi. Wageni wanaoshuka kwenye meli za mtoni wangepita wakitazama makaburi arobaini na mawili ya watu mashuhuri, kila moja na kibao chake na namba yake.

Alimpa orodha. Stoyna alijifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akasoma. Majenerali wawili. Mwenye kiwanda cha bia. Mwimbaji wa opera aliyehama Bregovina akiwa na miaka minne na kurudi akiwa ndani ya jeneza. Mshairi ambaye hata mjane wake hakuwahi kumaliza kitabu chake. Haya, akasema moyoni, na wapewe vibao vyao. Kisha akafika namba saba: Kuzman Mandov, meya, "aliyeuokoa mji wetu na mafuriko ya mwaka 1956."

Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nani kaandika hii?"

"Iko kwenye kumbukumbu zote, shangazi. Alipewa nishani. Tena tunamwekea sanamu ya marumaru, pale." Gradev akanyoosha kidole. Kamba yao ilitoka langoni ikaenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi la meya, na kigingi kimojawapo kilikuwa kimepigiliwa miguuni pa msalaba mdogo wa chuma uliopakwa rangi ya fedha.

"Na huyu mliyempigia kigingi miguuni?"

Gradev alifungua karatasi zake. "Huyu... hana ndugu aliyeandikishwa. Mifupa itahamishwa kwa heshima zote, kwenye kaburi la pamoja kule ukutani."

Stoyna alikishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa, akampa mwanahistoria kama mtu anayemrudishia mwenzake mwavuli aliousahau. "Chukua mti wako, mwanangu. Hapa kalala Nayden Chakarov."

Stoyna alikuwa na miaka tisa Nayden alipofariki. Wakati huo walikaa mtaa wa chini, ule ulio chini kuliko mto wenyewe, unaokingwa na tuta la udongo. Nayden alikuwa mpangaji wao, kapera aliyeshuka kutoka kijiji cha milimani akiwa na begi moja, akaajiriwa kwenye pampu inayonyonya maji yanayopenya chini ya tuta na kuyarudisha mtoni. Jioni alikula kwao supu ya maharagwe yenye nanaa. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja katikati ya chakula, kusikiliza kama pampu inaunguruma sawasawa kule mbali, na akisharidhika anaendelea kula. Stoyna na dada zake walikuwa wakimwigiza, na mama yao akiwatisha kwa kijiko cha mti.

Machi ile mto ulipopanda, wenzake wawili wa pampu waliondoka siku ya kwanza kwenda kuhamisha watoto wao. Nayden hakuwa na wa kumhamisha. Alibaki. Siku tatu mfululizo pampu haikuzima, na siku hizo tatu ndizo watu wa mtaa wa chini walizopata kuwatoa wazee, wagonjwa, mbuzi na cherehani. Mama yake Stoyna alimpelekea mkate na supu kwenye kopo la maziwa mpaka maji yalipomzuia njiani. Asubuhi ya siku ya nne tuta lilikatika na ukuta wa chumba cha pampu ukaangukia ndani. Walimpata baada ya wiki nzima. Mama yake Stoyna ndiye aliyemwosha, kwa kuwa hakuwa na mama wala dada mjini wa kumwosha.

Na meya? Asubuhi ya siku ya pili, mama na Stoyna walikuwa wamesimama kando ya barabara ya mlimani na mabunda yao. Gari la meya likawapita. Juu ya paa lake yalikuwa yamefungwa mazulia, mazulia manne mekundu yaliyoviringishwa. Mama alitema mate, mwanamke ambaye hakuwahi kutema mate mbele ya watoto. Maji yalipopungua meya alirudi, akapigwa picha juu ya tuta akiwa na koleo, akavalishwa nishani.

Haya yote Stoyna alimweleza Gradev pale pale, wamesimama. Gradev alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nakuamini, shangazi. Lakini mimi nahitaji hati."

"Niliyaona kwa macho yangu."

"Ulikuwa mtoto."

"Mtoto ana macho ya kukopa?"

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisi ya baraza, kwa naibu meya, Boyan Mandov, mjukuu wa yule yule Kuzman. Alimkaribisha kwa kahawa na kumwita mama, akamuuliza hali ya magoti. Alipomsikiliza mpaka mwisho aliegemea kiti na kutabasamu.

"Mama Stoyna, mji mzima unajua unavyoipenda kazi yako. Lakini hebu fikiria. Mgeni kaja na meli kutoka mbali. Unataka tumwonyeshe fundi wa pampu?"

"Ningependa mumwonyeshe aliyefanya hicho mlichokiandika."

"Babu yangu hayupo kujitetea."

"Nayden pia hayupo. Lakini babu yako ana sanamu, yeye mnamtupa ukutani na mifupa isiyo na jina."

Tabasamu likaisha. "Umebakiza mwaka mmoja kustaafu, mama. Umalize kwa amani. Mambo ya historia waachie waliosomea."

Stoyna alikiacha kikombe kikiwa kimejaa. Njiani alisimama, akashika uzio wa shule. Kilichomuuma hakikuwa tishio la kazi. Ni lile neno *fundi wa pampu*, lilivyotamkwa kama mtu anayeokota kitu kichafu kwa vidole viwili.

Pale pale kwenye uzio wa shule palikuwa pamebandikwa matangazo ya vifo, kama kila mahali Bregovina: kwenye milango, vituo vya basi, mashina ya miti. Picha, jina, na maneno machache: siku arobaini bila mama yetu, mwaka mmoja bila mjomba, miaka kumi bila fulani. Stoyna alisimama akiyatazama. Halafu akageuka, akaenda kwa Zhechka, mwanamke anayechapa matangazo hayo karibu na kanisa.

"Nani kafariki?" Zhechka aliuliza, tayari kidole kiko kwenye mashine.

"Nayden Chakarov."

"Lini, maskini?"

"Miaka hamsini iliyopita. Andika."

Zhechka aliandika, na kila mstari ulipoongezeka nyusi zake zilizidi kupanda. Tangazo lilisomeka hivi: *Miaka hamsini bila Nayden Chakarov, mfanyakazi wa pampu. Aliiendesha peke yake siku tatu, watu wa mtaa wa chini wakapata kutoka salama. Siku ya nne alizama. Meya alikuwa ameondoka siku ya pili, na mazulia yake juu ya gari. Sasa baraza linataka kupitisha njia juu ya kaburi lake. Tunaomkumbuka.*

"Tunaomkumbuka ni nani na nani?"

"Mimi."

"Wewe na mimi," alisema Zhechka. "Mama yangu alitoka mtaa wa chini akiwa na mimba yangu. Nikuchapie mia mbili?"

Stoyna alibandika mchana kweupe, ndoo ya gundi mkononi, kuanzia sokoni. La kwanza kwenye mlango wa baraza lilimtoa jasho, la pili halikumsumbua. Kwenye kituo cha basi mzee mmoja alisoma mpaka mwisho, akavua kofia.

"Mazulia," alisema. "Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimeyasahau yale mazulia."

"Uliyaona?"

"Dada, nani hakuyaona? Tulikuwa barabara nzima."

Hapo ndipo Stoyna alipolipuka, na kwa mtu asiyestahili. "Barabara nzima! Na miaka hamsini barabara nzima imekaa kimya! Mkampigia makofi alipovalishwa nishani!"

Mzee alichukua matangazo kumi kwenye kikapu cha Stoyna, akaenda kuyabandika mtaani kwake.

Siku ya tatu Mandov alituma vibarua wakayakwangue. Hilo ndilo kosa alilofanya. Bregovina watu huachia tangazo la marehemu linyeshewe na mvua mpaka lioze lenyewe, hakuna anayelichana. Wanawake wa sokoni waliwatoa vibarua mbio kwa matusi. "Mchane la mama zenu!" Kufikia Jumapili Zhechka alikuwa hana nafasi ya kupumua. Mmoja alileta picha ya mkunga aliyezalisha nusu ya mji. Mwingine ya mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kuchoma vitabu vya shule. Mwingine ya mama aliyelisha watoto wa watu mwaka wa njaa. Wote walikuwa wamelala kule juu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye ile orodha ya arobaini na wawili.

Jumatatu Stoyna aliletewa barua ya kusimamishwa kazi. Aliyeileta alikuwa karani mchanga aliyeangalia viatu vyake. Stoyna alimpa funguo, akamwambia bomba la kona ya mashariki linavuja na lisifunguliwe kwa nguvu, akachukua jembe lake, kwani lilikuwa la kwake, akaenda nyumbani. Ndani ya nyumba alilia sana.

Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwapelekea marehemu chakula makaburini, ilikuta mawe ya njia yameshapangwa mpaka hatua kumi kutoka msalaba wa chuma. Stoyna alipanda mapema na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, kama kila mwaka. Alidhani atakuwa peke yake na dada zake. Aliwakuta watu wapatao sitini. Walikuwa wametandika vitambaa juu ya nyasi, pale pale penye alama za njia, na juu ya vitambaa ngano, mikate, mvinyo, chupa za rakia, ile pombe kali ya matunda. Kila aliyepita alimwagia Nayden mvinyo mpaka udongo ukawa tope. Mafundi wa njia walisimama na mawe yao, kisha mmoja wao akaomba kipande cha mkate, naye akaketi.

Mandov alikuja na polisi wawili. Mmoja wa polisi alikuwa mjukuu wa mwanamke aliyekaa mbele yake. "Kaa chini ule, Zahari," bibi alimwambia, "au sema hapa mbele za watu umekuja kunifanya nini." Polisi alivua kofia. Mandov alitazama huku na huku, akarudi kwenye gari lake.

Njia ilipindishwa. Ukienda leo utaona inavyokata kona ghafla kushoto. Nayden hakuhamishwa. Miezi miwili baadaye baraza likaweka kibao cha arobaini na tatu, na likamwalika Stoyna kizinduliwe mbele yake. Alikwenda. Kitambaa kilipovutwa, alisoma: *Mfanyakazi asiyejulikana, aliyefariki wakati wa mafuriko.*

Wachache walipiga makofi. Stoyna alisogea mbele.

"Asiyejulikana na nani?" aliuliza. Akarudia kwa sauti iliyofika langoni. "Nauliza! Asiyejulikana na nani? Jina lake liko kwenye msalaba, mita moja kutoka ulipo mkono wako, Boyan Mandov. Huwezi kusoma?"

Mandov alisema kwamba hati hazikutosha. Ventseslav Gradev, aliyekuwa nyuma kabisa, alikuwa mwekundu hadi shingoni.

Jioni ya siku hiyo Gradev alibisha mlango wa Stoyna, daftari mkononi. Alisema anataka kuandika, kila kitu, kuanzia supu. Alisema angepaswa kuandika tangu siku ya kwanza.

"Ungepaswa," alikubali Stoyna. Alimwacha asimame kizingitini kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akamwambia avue viatu, akamkalisha jikoni, akampa majina kumi na tisa ya watu walio hai walioyaona mazulia, na mitaa wanayokaa. "Anza na wazee zaidi," alimwambia. "Usiwangoje wafe ndipo uwatafutie hati."

Gradev alifanya hivyo. Alichapisha alichokipata katika jarida la chuo, na nakala moja Stoyna anayo kabatini. Kibao cha arobaini na tatu kilibadilishwa mwaka uliofuata. Sasa kina jina kamili, herufi zote sawasawa. Kazi yake hakurudishiwa. Na namba saba ipo vile vile, marumaru nyeupe na koleo mkononi, na waongoza wageni bado wanasoma kwa sauti kwamba huyu ndiye aliyeuokoa mji. Kila mwezi Stoyna anaandikia baraza barua kuhusu jambo hilo. Hawajamjibu hata moja. Anaandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mkubwa, asije mtu akasema hausomeki.