Tundu la Marehemu Barka

Kabla hajasukutua, Bi Mwanamkisi alitoka uani kutazama kuku wake. Aliwatazama kama mama anayemgusa mwanawe paji la uso kuona kama homa imepanda. Wakiwa wote, alirudi ndani akapumua. Akikosekana mmoja, siku nzima ilimwendea upande.

Alikuwa mjane mwembamba, mwepesi wa miguu, na mji mzima wa Chundwa, kisiwani Pate, ulimjua kwa mambo mawili: kusuka mikeka, na kuogopa mambo kabla hayajafika. Mvua ikichelewa aliogopa njaa, ikinyesha aliogopa paa. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini mwaka huo, miaka michache kabla ya vita vya Waingereza na Wajerumani, hofu yake ilikuwa na sababu. Tima, binti yake wa pekee, alikuwa mja mzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Uzazi wa kwanza wa Tima ulimpeleka mtoto kaburini na kumwacha mama hajiwezi. Ulikuwa mwaka mbaya. Katika zile siku arubaini ambazo mzazi hupewa mchuzi wa kuku wenye pilipili manga ili damu yake irudi, Tima alikunywa uji mtupu. Viganja vyake vikabaki vyeupe, na hata sasa akipanda ngazi ya dari alishika ukuta. Mkunga hakumficha Bi Mwanamkisi.

"Mara hii asipokula," alimwambia, "usiniite mimi. Mwite mchimba kaburi."

Ndiyo maana Bi Mwanamkisi alifuga kuku, na akawaweka katika kitu imara kuliko vyote vilivyokuwamo uani mwake: tundu la marehemu mumewe.

Barka alikuwa mfuga ngawa, wale wanyama wa usiku wafananao na paka mkubwa. Aliwanasa porini, akawafungia, na mara kwa mara akawakwangua, kwa kijiko cha pembe, yale mafuta mazito ya chini ya mkia yaitwayo zabadi. Matajiri wa mtaa wa Mkomani, mjini Amu, waliyanunua wakayatia katika manukato ya maharusi. Tundu alilijenga kwa fito za mkoko zilizopangwa karibu karibu, refu kama kitanda. Alipofariki, ngawa wake wa mwisho aliachiliwa, na tundu likabaki. Mara nyingine, akiwa peke yake, Bi Mwanamkisi aliegemeza shavu kwenye fito zile. Zilikuwa na harufu ya kanzu za Barka, harufu nzito, tamu, yenye ukali ndani yake. Alikuwa ameizoea hata haisikii tena, isipokuwa akiitafuta.

Kisha kuku wakaanza kuliwa.

Asubuhi ya kwanza alikuta manyoya, na ufito mmoja umesukumwa kando. Akaukaza kwa kamba. Asubuhi nyingine akakuta mtetea amevutwa nusu nje, kichwa hakipo. Mchangani palikuwa na nyayo. Mke wa Barka hakuhitaji kuambiwa ni za nani.

"Ngawa," alisema, akakaa chini palepale.

Bi Hindu, jirani yake, alichungulia juu ya ukuta. Kuku wake yeye walilala juu ya mlimau, ovyo, bila hata ubao wa kuwazuia, na hakuguswa mmoja.

"Mimi ngawa wananiogopa," alijisifu Bi Hindu. "Wewe wanakujua, shoga. Walikula kwako miaka yote ya Barka, wamekuja kudai chakula chao."

"Usifanye mzaha, Bi Hindu. Hawa ni kuku wa Tima."

"Basi mnase umpige rungu. Nini kinakuchelewesha?"

Kilichomchelewesha Bi Mwanamkisi ni Tima mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Watu wa mji ule waliamini kwamba nyumba yenye mja mzito haiui mnyama asiyeliwa, kwani huenda kiumbe kilicho tumboni kikalipa.

"Mama," alisema Tima polepole, "asiuawe. Nimeshazika mmoja."

Bi Hindu aliteremka ukutani.

Famau, mume wa Tima, alitengeneza mtego wa sanduku wenye mlango wa kuanguka, akatia kipande cha papa mkavu ndani. Siku zikapita. Papa aliliwa na wadudu chungu, na ngawa akaendelea kula kuku. Ubao mmoja wa mtego ukapasuka, na Famau, kwa haraka ya kwenda pwani, akauziba kwa ufito alioung'oa nyuma ya tundu. Kesho yake ngawa alikuwamo, mkubwa, mwenye madoa meusi, anatoa sauti ya koo kama mtu aliyekabwa.

"Nitamvusha ng'ambo," alisema Famau. "Nti kavu ni kubwa. Nitamfungulia porini karibu na Mkokoni, huko hana amjuaye."

Bi Mwanamkisi aliona raha kwa siku chache. Akasuka mkeka wa mtoto, ukingo mwekundu. Ndipo Famau aliporudi kuvua na salamu kutoka kwa mzee Muhdhar wa Mkokoni, aliyemwona siku ile akimfungulia ngawa.

"Anasema, mama, ukitaka kumleta mgeni mwingine umlete na chakula chake. Kuku wa binti yake wamekwisha."

Famau aliisema kwa kucheka. Bi Mwanamkisi hakucheka. Mkono wake uliokuwa ukisuka ulisimama. Binti wa Muhdhar naye alikuwa na watoto. Je, mwanamke yule akinyanyua mikono kumlaani aliyemletea mnyama, laana hiyo itavuka maji itue wapi, kama si kitandani pa Tima? Jioni hiyo hakula.

Na asubuhi mtetea mwingine alikuwa amekosekana.

"Amerudi!" alipiga kelele.

"Hawezi kurudi, mama," alisema Famau. "Aogelee mlango wote ule wa bahari? Huyu ni mwingine. Nitamnasa, nimvushe."

"Na baada yake?"

"Nitavusha ngawa wote wa Pate, ikibidi."

Mtego ukategwa tena. Bi Mwanamkisi alikuwa amebakiwa na kuku wachache, na Tima alikuwa ameanza kushika kiuno. Alfajiri, baada ya sala, aliufikia mtego kwanza. Ngawa mwingine alikuwamo, mdogo kuliko yule wa kwanza. Lakini kilichomshangaza ni papa. Kipande chote kilikuwa palepale, hakijaguswa hata kwa jino. Ngawa amempa papa mgongo. Alikuwa ameinua mkia, anasugua matako yake kwenye ufito ule mmoja wa tundu, anageuka, anaunusa, anausugua tena.

Bi Mwanamkisi alimtazama muda mrefu. Aliwahi kuona hivyo mara nyingi, enzi za Barka. Akainama akaunusa ufito. Ulikuwa na unyevu, na harufu ilimpanda puani hadi machozi yakamtoka. Akaenda kwenye tundu akanusa fito moja baada ya nyingine, chini, usawa wa mkia wa mnyama. Zote zilikuwa na unyevu. Zabadi ile haikuwa ya miaka ya Barka tu. Ilikuwa mbichi. Kila ngawa aliyepita alisikia harufu ya wenzake, akaja, akaacha yake, na mwingine akaifuata. Kuku walikuwa kitoweo tu cha mgeni aliyeitwa kwa jambo jingine. Na yeye, mjane wa mfuga ngawa, alikuwa amewalaza kuku wa mwanawe ndani ya harufu ile kwa kuwa ilimliwaza.

"Famau! Njoo!"

Alikuja anafunga kikoi. "Amenasa? Alhamdulillahi. Nitatweka tanga yeo hii hii."

"Huendi Mkokoni. Hatuwapelekei watu balaa yetu tena. Likamate tundu upande ule."

"Tundu? La baba?"

"La baba," alisema, akishika fito za upande wake. "Hili ndilo la kuhamisha."

Waliwatoa kuku, wakawatia ndani ya nyumba. Famau na nduguye wakalibeba tundu begani, na ule mtego na ngawa wake juu yake, hadi nyuma ya mashamba yote, mahali ardhi inapoanza kuwa tope la mikoko na hapana ua wa mtu. Bi Mwanamkisi aliwafuata nyuma ameshika jembe. Walipofungua mtego, ngawa alitoka, akalizunguka tundu mara moja, akaingia mikokoni. Bi Mwanamkisi hakuegemeza shavu kwenye fito zake. Alirudi nyumbani akachimba udongo pale lilipokuwa limesimama, akautupa, akamwaga majivu na maji ya chumvi mpaka mikono ikamchubuka.

"Naona kuku wamepangishwa chumba," Bi Hindu alisema juu ya ukuta. "Watataka na chandarua?"

"Wakitaka nitawapa," alijibu Bi Mwanamkisi, bila kuinua kichwa.

Uchungu ulimshika Tima kesho yake, akajifungua mtoto wa kike kabla ya adhana ya magharibi. Mtoto alilia. Mama yake hakuwa na nguvu ya kulia wala kucheka, na viganja vyake, Bi Mwanamkisi alipovigeuza, vilikuwa vyeupe vilevile. Uvunguni mwa kitanda kuku walikuwa wanalalama.

Palipokucha, Bi Mwanamkisi alitoka uani. Mchangani, juu ya majivu, palikuwa na nyayo. Zilitoka upande wa mlimau wa Bi Hindu, zikafika pale tundu lilipokuwa, zikasimama, zikazunguka kidogo. Alizifuata kwa macho kuelekea mlango wa nyumba. Hazikufika mlangoni. Zilikatia pembeni mwa ukuta, zikashika ndia ya mashambani, kuelekea mikokoni lilikohamia tundu.

Alirudi ndani akapiga magoti kando ya kitanda, akapeleka mkono uvunguni akawapapasa. Walikuwa wote. Akamvuta mmoja, akamwita Famau aje na kisu, kisha akakalisha chungu jikoni na kuanza kutwanga pilipili manga.

"Mama," Tima aliita kwa sauti ndogo, "wamebaki?"

"Wapo, mwanangu. Wewe kaa tayari kula."