Mahogani Iliyonuka Rangi ya Viatu

Watu wa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi, wakiniona napita, bado kuna wanaoangalia viganja vyao kwanza halafu ndio wananisalimia, na siwalaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyempaka askofu rangi ya viatu usoni mbele ya kanisa zima. Kila mtu anaisimulia habari hiyo anavyotaka (kuna mama mmoja wa mboga anayeapa kwamba askofu alizimia, na hilo si kweli kabisa), kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe, ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Naitwa Mutinda. Nakaa Umoja na mke wangu Nekesa, na kazi yangu ni ukarani, yaani mbao ninayoijua vizuri ni ile ya meza ninayosinzilia nikishakula mchana. Lakini mimi ni Mkamba, na Nairobi hii ukiwa Mkamba watu washaamua kwamba unajua mbao hata kama hujawahi kushika tezo. Kwangu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu baba yangu mzazi alikuwa mchongaji wa vinyago kule Wamunyu, Ukambani, nikakulia kwenye vumbi la mbao, na tangu nije mjini sijaacha kuwakumbusha watu. Mtu akinunua kiti, naja, nakigonga kwa kidole mara mbili, nainamisha kichwa, nasema, "Hii iko sawa," au, "Hapa wamekupiga." Nilikuwa nabahatisha tu.

Sasa, mama yake Nekesa, Mama Rosa, alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Aliimba kwaya ya kanisa la pale Jericho tangu Nekesa hajazaliwa, na masomo ya Jumapili alikuwa anayasoma yeye, kwenye mimbari kuukuu iliyoyumba hadi ikawekewa kijitabu cha nyimbo chini ya mguu mmoja. Familia ikakubaliana tumkumbuke kwa mimbari mpya ya kusomea, ya mahogani, yenye jina lake mbele. Mwenye wazo alikuwa mume wake, Mzee Wanjala, seremala mstaafu wa reli, mtu aliyetengeneza viti na milango ya mabehewa maisha yake yote, na angeitengeneza mwenyewe ila mikono imeanza kumtetemeka. Tangu mazishi mzee alikuwa amenyamaza. Anakula, anajibu salamu, anasikiliza redio yake, lakini ucheshi wake wote ulikuwa umekwisha, na Nekesa kila akitoka kumwona alikuwa anarudi nyumbani analia. Mimi na mzee tulikuwa hatujazoeana (hakuwahi kunikataa, lakini pia sikuwahi kujua kama alinikubali), kwa hivyo mimbari hiyo niliiona ndiyo nafasi yangu.

Mzee akaniambia, "Mutinda, Jumamosi nipitie, twende Gikomba pamoja tuchague mbao."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Ningesema tu, "Sawa, Baba," na leo nisingekuwa na la kusimulia. Badala yake nikasema, "Baba, wewe pumzika. Mambo ya mbao niachie mimi. Sisi tumezaliwa ndani ya vumbi lake."

Akaniangalia kidogo. "Mahogani unaijua?"

"Nitakosaje kuijua, Baba?"

Akaigeukia redio yake, na mimi nikachukulia kwamba ameridhika.

Basi Jumamosi nikaenda soko la Gikomba peke yangu, nikapita katikati ya mitumba hadi kule kwa watu wa mbao, mashine zinalia, mikokoteni inapiga kelele ipishwe, nami nimefunga mikono nyuma natembea polepole kama mkaguzi. Nikaona mbao zimeegemezwa ukutani, zina wekundu wa kahawia, zinang'aa vizuri. Muuzaji alikuwa jamaa mwenye kofia ya sufu, anakunywa chai. Nikagonga mara mbili. Nikainamisha kichwa. Halafu nikanusa, na hapo, jamani, moyo wangu ukalainika wote. Ile harufu niliijua! Ilikuwa harufu ya nyumbani, ya kibanda cha baba jioni, ya kazi iliyokamilika inayongoja wateja. Sikujiuliza ni harufu ya nini, nilijua tu kwamba mbao nzuri ndivyo inavyonuka.

"Hii ni mahogani," nikamwambia yule jamaa, wala alikuwa hajafungua mdomo.

Akanitazama mimi, akatazama mbao, akanitazama tena. "Eh, boss. Wewe unajua mbao."

"Baba yangu alikuwa mchongaji."

"Inaonekana. Sasa mtu kama wewe mimi nitakudanganya nini?"

Tukaelewana haraka. Tena akaniongezea kikopo cha rangi kisicho na karatasi ya jina, akaniambia nipake pale nitakapokata, nami nikamshukuru kwa ukarimu wake (ndio, nilimshukuru, tena kwa mikono miwili). Mbao zikapandishwa kwenye mkokoteni, nikatangulia mbele kwa miguu hadi Jericho, nikisalimia watu ambao hawakuwa wamenisalimia.

Fundi tuliyempa kazi alikuwa Ouma, mwenye kibanda karibu na soko la Jericho. Alipokata mbao ya kwanza tu akaniita.

"Mutinda, hii kitu ni nzito sana. Na cheki hapa nimekata, ndani ni nyeupe."

"Ni changa," nikasema. "Mahogani ikiwa changa ndani inakuwa hivyo. Itaiva."

"Mbao itaiva?"

"Na jua, pole pole."

Akanionyesha vidole vyake, vimekuwa vya kahawia. "Na hii ya kushika mikono?"

"Hayo ni mafuta yake."

"Basi nipige randa kwanza, alafu nipake vanishi?"

Nikaruka. "Randa? Usithubutu! Utaiondolea ngozi. Na vanishi ni ya mbao zinazoficha kitu. Mahogani halisi inakaa hivyo hivyo." (Sijui maneno haya niliyatoa wapi, lakini yalitoka kwa ufasaha mkubwa.)

Ouma akainua mabega. "Sawa. Wewe ndio Mkamba."

Pale alipokata nikapaka dawa ya kikopo, ikakolea vizuri sana. Jina nililichonga mwenyewe kwa patasi ya zamani ya baba yangu, MAMA ROSA, na herufi zikatoka nyeupe kabisa kwenye ule wekundu. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo ajiulize. Mimi nilirudi nyuma hatua tatu nikasema, aisee, imependeza! Nekesa alipokuja kuiona alipitisha kidole juu ya jina la mama yake, akaniegemea, akasema, "Asante, Mutinda," na siku hiyo hakuna mtu Nairobi aliyekuwa na furaha kunishinda. Mzee alitaka kuja kuiona pia lakini nikamkatalia, nikamwambia ataiona siku yenyewe, na nikaifunika shuka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya joto, na bahati yangu ilivyo, askofu alikuwa ametutembelea. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Mzee Wanjala alikaa mbele na suti yake ya kijivu. Shuka ikatolewa, kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele, Nekesa akalia kidogo, na mimi nikavuta koti chini nikae vizuri kwa macho ya watu. Mzee peke yake ndiye hakupiga makofi. Alikuwa ameinua pua juu, ananusa.

Askofu akapanda, kanzu yake nyeupe pepe, akaishika mimbari kwa mikono miwili, akaegemeza na viwiko, akaanza kuhubiri. Alihubiri kwa nguvu, na paa letu la mabati lilikuwa linapika, na jasho likaanza kumtoka. Baada ya muda akafika kwenye neno la siku hiyo, ambalo lilikuwa ni mikono safi (sikulichagua mimi), akainua viganja vyote viwili juu ili tuvione, na tukaviona.

Vilikuwa vya rangi ya kiatu cha polisi, kile cha kahawia.

Watoto walicheka kwanza. Askofu akadhani wamebarikiwa, akatabasamu, akatoa leso, akajipangusa jasho kwenye paji la uso na mashavu yote mawili, na sasa ikawa si watoto peke yao. Mbele ya kanzu kulikuwa na mistari miwili mipana, na viwiko vimeiva. Nekesa akanigeukia. Sitaeleza alivyoniangalia.

Mtu mwenye busara angekaa. Mimi niliona nitaokoa hali, nikakimbia kwa kina mama wa jiko la kanisa, nikachukua kitambaa chao cha kufutia vikombe, kimelowa, nikapanda pale mbele huku nimeinama kana kwamba nikiinama sitaonekana, nikaanza kuisugua mimbari. Na kadiri nilivyosugua ndivyo rangi ilivyotoka, ikafunguka duara moja katikati, jeupe la kijivu, linakua, na kitambaa changu kikawa kama kimetoka gereji. Na ile harufu ikapanda. Nikiwa nimepiga magoti pale, tambara mkononi, ndipo nilipoikumbuka.

Unaona, baba yangu alikuwa mtu mzuri, lakini watalii walitaka vinyago vya mpingo, na mpingo ulikuwa umeadimika, kwa hivyo alichonga jakaranda. Na kazi yangu mimi, kila nikitoka shule, ilikuwa kukaa kwenye kigoda na tambara na kopo la rangi nyeusi ya viatu, napaka twiga na vifaru hadi wawe mpingo. Ile harufu ya nyumbani iliyonilainisha moyo Gikomba ilikuwa ya rangi ya viatu. Katika Wakenya wote mimi ndiye niliyefaa kuitambua kwanza, na mimi ndiye niliyeipenda! Nilitamani sakafu inimeze na kile kitambaa.

Kanisa likawa kimya, kila mtu anangoja kuona askofu atafanya nini. Katika kimya hicho ikasikika sauti ndogo, kama mtu anakohoa. Nikageuka. Alikuwa Mzee Wanjala, amejishika tumbo, mabega yanamtikisika, na mwanzoni nilidhani nimemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani, akacheka hadi akalalia benchi la mbele, na kila alipojaribu kunyamaza aliangalia uso wa askofu akaanza upya. Nekesa, ambaye sekunde moja kabla alikuwa ananitafutia kaburi, alimwangalia baba yake mdomo wazi, kisha akashika mkono wake, wakaanza kucheka wote wawili huku wanalia. Askofu (Mungu ambariki) akaangalia viganja vyake, akasema, "Ndugu zangu, huyu Mama Rosa sikumjua, lakini leo sitamsahau," na kanisa zima likaangua kicheko.

Ibada ilipokwisha mzee akaniita nje, tukakaa kwenye ngazi. Sikuweza kumwangalia.

"Hiyo ni blugamu, mkaratusi tu," akasema. "Unajua kazi ya blugamu?"

"Nguzo za stima, Baba."

"Nguzo za stima." Akapangusa macho. "Rosa angecheka kunishinda. Alikuwa akikataza watu kucheka kanisani, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kucheka."

Nikamwambia, "Nisamehe, Baba. Nilitaka uone kwamba naweza."

Akavaa miwani yake. "Mimi sikuwa nahitaji mtu wa kununua mbao, Mutinda. Nilikuwa nataka mtu wa kwenda naye."

Neno hilo lilinichoma kuliko kicheko cha kanisa zima, nakwambia kweli.

Jumamosi iliyofuata tukaenda pamoja, polepole, mkono wake kwenye bega langu. Yule jamaa wa kofia ya sufu aliponiona hakuona haya hata kidogo. "Boss, mimi sikusema ni mahogani. Wewe ndio uliniambia." Na ni kweli. Mzee hakugombana naye. Alitoa leso nyeupe, akailowesha kwenye chupa ya maji, akapangusa mbao moja, nyingine, nyingine, mpaka akafika kwa moja ambayo leso ilibaki nyeupe. Akachukua kisu kidogo akakwangua pembeni, akanionyesha kwamba rangi inaingia mpaka ndani, ya waridi iliyopauka, itakayokolea yenyewe ikikaa na mwanga. Akanionyesha vitundu vyembamba pale mbao ilipokatwa. Akaniambia niishike mbao ikiwa imelala kuelekea jua, niigeuze, na mistari iliyokuwa myeusi ikawa inang'aa na iliyong'aa ikawa myeusi. "Hiyo hakuna kopo linaweza kupaka," akasema. Jamaa wa kofia akaja kusimama karibu, chai mkononi, akisikiliza kama mwanafunzi.

Mimbari ya pili mzee aliipiga randa mwenyewe pale kwa Ouma, mikono yake inatetemeka mpaka anapoigusa mbao, hapo inatulia, na kazi yangu ilikuwa kushika upande wa pili nisitikisike. Ndiyo iliyoko kanisani sasa, na herufi za Mama Rosa zimekolea pamoja na mbao yenyewe. Mimi nimeapa, mbele ya Nekesa, kwamba sitagonga tena kitu cha mtu na kidole na kutoa maoni, hata kama ni mwiko wa ugali.

Ile ya blugamu niliomba niipasue kuni, mzee akakataa katakata. Iko nyumbani kwake Jericho, na lile duara langu jeupe katikati, na redio yake imekaa juu. Jumamosi nikienda kumchukua twende Gikomba, hata kama hatununui kitu, ananifungulia mlango, ananipisha niingie, na kila mara ananiambia nisiiegemee, nitachafua shati.